Msiisingizie Antena

Katika mambo ambayo watu hukubaliana bila kuyachunguza, hili la antena fupi ya redio limenichosha kuliko mengine. Mtu huwasha redio yake jioni, huitafuta stesheni ya masafa mafupi aliyoizoea, husikia mvumo na mikwaruzo mitupu, naye papo hapo hutoa hukumu: antena ni fupi. Akiipeleka kwa fundi, fundi hukubali, kwa kuwa fundi anayekubali ndiye anayelipwa. Akienda dukani, mwenye duka humwonyesha redio nyingine, au kidude cha kuongeza nguvu, au humwambia kwa huruma kwamba mambo ya masafa mafupi yamekwisha, mzee wangu, nunua simu. Hivyo hukumu moja ya haraka huzaa gharama tatu, na mshitakiwa, yaani kile kijiti cha chuma kinachovutwa kutoka mgongoni mwa redio, hakupewa hata nafasi ya kujitetea.

Mimi nakusudia kumtetea. Sikusomea uhandisi, nilikuwa mwalimu wa jiografia, na elimu yangu ya redio ni ya kusikiliza, kufungua na kufunga skrubu, na kusoma nilichoweza kukipata. Lakini swali langu la kwanza halihitaji uhandisi. Je, ni lini antena ilifupika?

Fikiri, msomaji. Idhaa ya Kiswahili ya Cairo ilianza mwaka 1954, ya BBC mwaka 1957, ya Sauti ya Amerika mwaka 1962, ya Ujerumani mwaka 1963. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa na idhaa ya nje iliyowapa nafasi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakasikika kwao ambako kusikilizwa kwao kulikuwa kosa la jinai. Wote hao walisikilizwa na nani, na kwa chombo gani? Walisikilizwa na mkulima, mvuvi, karani na mlinzi wa usiku, kwa redio ndogo ya betri iliyowekwa dirishani au kuning'inizwa kwenye tawi. Antena yake ilikuwa kijiti kile kile, aghalabu kilichokatika nusu na kuungwa kwa spoku ya baiskeli. Miaka ya sabini kijijini kwetu palikuwa na redio moja ambayo antena yake haikuzidi urefu wa kiganja, na watu wazima kumi na watano waliizunguka wakasikia kila neno. Ikiwa urefu ndio unaoleta sauti, wale walisikiaje?

Basi kitu kimebadilika, na kilichobadilika si kijiti. Kilichobadilika ni nyumba zetu.

Kabla ya kufika huko ni haki nimsikilize mwendesha mashitaka, maana hoja yake ina ukweli ndani yake. Ukitaka kujua urefu wa wimbi la stesheni, gawanya 300,000 kwa idadi ya kilohezi zake. Jibu ni mita. Redio ya Zanzibar ilijulikana kwa miaka mingi katika kilohezi 11735. Hesabu hiyo inatupa mita ishirini na tano na nusu. Antena iliyokamilika ya aina ya kijiti ingetakiwa kuwa robo ya hapo, yaani zaidi ya mita sita. Ya redio yangu nimeipima: sentimita 74. Ukienda kilohezi 5050, ambako Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikipatikana, wimbi ni la karibu mita sitini, na robo yake ni mita kumi na tano. Mbele ya urefu huo, sentimita 74 ni kitu cha kuchekesha.

Lakini wanaocheka hawaulizi kwa nini waliotengeneza redio waliiacha hivyo. Waliiacha kwa sababu sehemu ya kwanza ya redio, ile inayopokea kutoka kwenye antena, imeundwa kwa ajili ya kijiti kifupi, si kwa waya wa mita kumi na tano. Na kwa sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Hewani katika masafa mafupi hakuna ukimya hata siku moja. Radi zinazopiga kila dakika katika nchi za joto hutuma mikwaruzo yake kwa njia zile zile za anga zinazoleta sauti ya mtangazaji. Antena ikiwa ndefu hupokea mtangazaji zaidi, na mikwaruzo zaidi, kwa kadiri ile ile. Ikiwa fupi hupunguza vyote viwili. Kinachomwezesha mtu kuelewa maneno si wingi wa sauti iliyoingia, bali ni kwa kiasi gani sauti hiyo imeizidi kelele iliyoingia pamoja nayo. Nyumba yako ikiwa kando ya mashine ya kusaga, na mgeni anakuita kutoka barabarani, kupanua mlango hakutakusaidia kumsikia. Zima mashine.

Mwaka 2023 nilikwenda Mlalo, wilayani Lushoto, kumwona kaka yangu. Macho yake yamefifia, kitabu hawezi tena, gazeti hawezi, na simu ya kisasa aliyonunuliwa na wanawe ni kioo kitupu kinacholia mfukoni. Redio ndiyo gazeti lake. Milima ya Usambara ina tabia ya kuyakata mawimbi ya FM, maana hayo huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi; bonde moja hupata, la pili hukosa. Masafa mafupi hayajali milima. Hupanda juu, yakagonga tabaka la anga lililo mamia ya kilomita juu yetu, yakarudi chini mahali ambapo tochi isingefika. Kwa mtu wa bondeni hiyo si anasa.

Nilimkuta kaka ameinyamazisha redio yake na kuifunika kitambaa kama maiti. Akaniambia, "Mdogo wangu, hii imekufa. Fundi wa sokoni kasema antena fupi, na stesheni zenyewe zimefungwa." Mwanawe mkubwa, kijana mwema, alikuwa amemletea kutoka Dar es Salaam kidude cha kuongeza nguvu ya antena, chenye taa nyekundu. Walipokiunganisha mvumo ulikuwa maradufu. Naye akaniuliza kwa masikitiko, "Baba mdogo, kwa nini kifaa kipya kinaharibu zaidi?" Nikamwambia hakiharibu, kinafanya kazi yake kwa uaminifu. Kazi yake ni kukuza kila kinachofika kwenye antena, na kinachofika kwa wingi katika nyumba ile ni mvumo.

Maana nyumba ile ilikuwa imepata umeme wa jua. Paneli juu ya bati, betri chini ya kitanda, kidhibiti chake ukutani, taa sita, na matundu ya kuchajia simu ambayo majirani waliyatumia kila jioni kwa shukrani. Nyaya zilipita darini kutoka chumba hadi chumba. Ni neema kubwa na siisemi vibaya. Lakini ndani ya kila taa ya namna hiyo, ndani ya kila chaja ya simu, kuna kisakiti kinachokata na kuunga umeme maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, ili kuupunguza au kuuongeza bila kupoteza nguvu. Kila kukata ni mkwaruzo mdogo wa redio. Kisakiti kilichotengenezwa vizuri kina vichujio vya kuuzuia mkwaruzo huo usitoke. Kilichotengenezwa kwa ubahili hakina, nao hutoka kupitia nyaya, na nyaya za darini zenye urefu wa mita thelathini ni antena bora mno ya kuutangaza. Kaka yangu alikuwa ameketi chini ya kituo cha matangazo cha mvumo, na hicho kilikuwa mita mbili kutoka kichwani mwake. Mtangazaji wa kweli alikuwa nje ya bara hili.

Tukafanya jambo moja tu usiku ule. Tulizima kila kitu. Taa, simu za majirani, kidhibiti chenyewe kikatenganishwa na betri. Gizani nikaivuta ile antena fupi, nikazungusha kitufe polepole, na idhaa ya Kiswahili ya Ujerumani ikatokea, mtangazaji akisoma habari kama mtu aliyekuwa akisoma muda wote bila kujua kwamba alizikwa. Kaka hakusema neno. Alinyoosha mkono akaongeza sauti.

Jaribio hilo ndilo ninalowataka wote wanaoilaumu antena walifanye kwanza, kabla ya kutoa senti kwa fundi au mwenye duka. Weka betri kwenye redio, usitumie adapta ya umeme, kwani adapta yenyewe mara nyingi ndiyo mwizi. Zima swichi kubwa ya nyumba. Sikiliza. Mvumo ukikatika, umemjua mkosaji. Kisha washa kimoja kimoja, na ukikuta chaja fulani au taa fulani inayourudisha mvumo, itoe. Usipokatika, mkosaji yuko kwa jirani, au kwenye waya wa barabarani. Hapo toka nje na redio mkononi, uende hatua kumi, ishirini, mbali na nyumba na nguzo. Kelele ya karibu hudhoofika haraka mno unapoiacha, bali stesheni iliyo kilomita elfu kadhaa haidhoofiki hata chembe kwa hatua zako ishirini. Hapo ndipo ulipo ushindi wote wa antena fupi, nao haukugharimu kitu isipokuwa kuinuka kitini.

Tena nyumba huzuia yenyewe, hata isipovuma. Mabati juu, nondo ndani ya zege, nyavu za chuma madirishani: vyote humeza sehemu ya wimbi. Redio iliyo katikati ya chumba cha zege na redio iliyo barazani si redio moja, hata kama namba zao za kiwandani zinafuatana. Anayeisikiliza jikoni ya ndani kisha akalalamika ni sawa na anayetaka jua huku amefunga madirisha.

Sasa nisije nikaeleweka kwamba kijiti hakitaki msaada wowote. Kinataka, ila si ule kinaouziwa. Msaada wa kwanza ni wa kukagua shina lake. Skrubu iliyopo chini ya antena hulegea kwa kule kuzungushwa kila siku, kutu huingia, na waya mdogo unaoiunganisha na sakiti hukatika lehemu bila kuonekana kwa nje. Nimeona redio tatu zilizotupwa kwa ajili ya skrubu hiyo. Fundi mwenye uadilifu huanza hapo, na kazi yake huisha kabla chai haijapoa.

Msaada wa pili ni ardhi, na huu ndio unaosahauliwa kuliko yote. Antena ya kijiti ni nusu ya kitu. Nusu ya pili ni ardhi, au chuma kikubwa kinachokaa mahali pa ardhi, kama bodi ya gari. Redio ya betri iliyokaa mezani haina nusu hiyo. Ndiyo sababu ukiishika mkononi sauti huongezeka na ukiiacha hupungua. Mwili wako umekuwa ardhi yake. Wazee walilijua hilo kwa mazoea, wakawa wanaipakata. Unganisha waya na upande wa nje wa tundu la kusikilizia masikioni, au na ncha hasi ya betri kwa redio nyingi za siku hizi, uulaze tu mita tatu nne sakafuni, au bora uuunge na kipande cha nondo kilichochimbiwa mahali penye unyevunyevu. Kwa kaka tulikichimbia kwenye migomba, yanakomwagika maji ya bafuni. Usiunge kamwe na waya wowote wa umeme wa nyumbani, hata ule unaoitwa wa ardhi: kwanza ni hatari, pili ndiyo njia mvumo unayoitumia.

Na waya wa nje? Hapa ndipo wapenzi wa waya mrefu hunijia juu, kwa sababu wengi wao wameufunga na wakasikia vizuri. Sikatai. Nakataa sababu wanayoitoa. Waya wa nje haukuwasaidia kwa urefu wake, uliwasaidia kwa sababu uliikimbia nyumba. Mita sita za waya wenye ganda, ncha moja imebanwa kwenye antena kwa kibanio, ncha ya pili juu ya mpeasi ulio mbali na paa, zilitosha kabisa kule Mlalo. Mita sita hizo hizo zikilazwa chini ya bati sambamba na nyaya za taa zitaleta balaa. Na anayefikiri kwamba mita sita zikifaa basi hamsini zitafaa zaidi, ajaribu na redio ndogo ya bei nafuu: stesheni zenye nguvu zitafurika, zitaipigisha redio kelele, na zitajitokeza mahali ambapo hazipo. Mathalani, kwa redio nyingi za kawaida, stesheni kubwa huweza kusikika pia kilohezi 910 chini ya mahali pake halisi, kama mzimu, na msikilizaji akadhani amegundua kituo kipya. Redio yenye kitufe cha karibu na mbali hukihitaji hapo. Asiyetaka kubana waya anaweza kuuzungusha mara nne tano kwenye kijiti, ganda kwa chuma, na nguvu itavuka kwa kiasi cha kadiri. Wingu likikusanyika, ushushe waya huo utoke kabisa kwenye redio. Na usiurushe kamwe juu ya nyaya za umeme. Nimewahi kumwona kijana akitaka kufanya hivyo kwa ajili ya mechi ya mpira.

Kuinamisha kijiti, kukilaza, kukigeuza, hayo jaribu kwa masikio tu. Wimbi lililopitia anga hufika limevurugika, halina upande maalumu, lakini mvumo wa chaja ya chumba cha pili una upande wake, na mara nyingi kuna mkao mmoja ambapo hufifia.

Sehemu nyingine ya lawama inaangukia saa. Watu hutafuta usiku mahali pa mchana. Kwa kawaida mchana tafuta mita 25 kushuka hadi 19, 16 na 13. Giza likiingia panda mita 31, 41 na 49. Msimu wa mvua, radi za karibu huzichafua bendi za chini kuliko za juu. Na jua lenyewe lina mzunguko wa takriban miaka kumi na mmoja. Lilifika kilele chake mnamo 2024, na bendi za juu zikafunguka vizuri ajabu wakati ule ule ambapo tulikuwa tukiambiwa kwamba hakuna kitu tena cha kusikiliza.

Hilo la kuambiwa ndilo linaloniudhi hasa. Maana hukumu ya antena fupi haikomei nyumbani mwa kaka yangu. Wasikilizaji wanaposhindwa kusikia, huacha. Wanapoacha, huhesabiwa kuwa hawapo. Wakihesabiwa hawapo, mtambo huzimwa, na mwenye duka hupata ushahidi wa maneno yake. Januari 2011 BBC ilitangaza kwamba itaacha masafa mafupi kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Machi 2015 Ujerumani ikaifunga mitambo yake ya Kigali, iliyokuwa jirani yetu kabisa. Machi 2025 Sauti ya Amerika ikanyamazishwa kwa amri ya wakubwa wa nchi hiyo, matangazo ya Kiswahili yakasimama pamoja na mengine. Sisemi kwamba chaja za simu ndizo zilizofanya haya. Siasa na fedha zilifanya, na mtambo wa kilowati 250 hula umeme usio mchache. Wala sibishi kwamba sauti ya simu ni safi kuliko ya redio yangu. Simu yenye bando ni safi sana.

Ila bando huisha, na zaidi ya hapo mtandao huzimwa. Ulizimwa Uganda Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Ulizimwa hapa kwetu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, ukakaa kimya kwa siku kadhaa, na katika siku hizo watu wazima wenye simu za mamilioni walikuwa wakiulizana getini kama watoto: kuna nini huko? Masafa mafupi hayana mahali pa kuzimiwa nchini mwako, kwa sababu mtambo hauko nchini mwako. Wakubwa wa utangazaji wanalijua hilo vizuri. Vita vya Ukraine vilipopamba moto Machi 2022, BBC, ile ile iliyokuwa ikiaga masafa mafupi, ilifungua masafa mapya mawili mafupi kuelekea huko. Mei 2023 ikafanya hivyo kwa Kiarabu kwa ajili ya Sudan. Kwa hiyo kitu kilichokufa hufufuliwa kila penye moto. Nami nauliza: kitafufuliwa kisikilizwe na nani, katika nyumba ambazo kila balbu inavuma?

Nasema basi wazi. Mvumo huu ni uchafu, sawasawa na moshi na maji machafu. Mtu akimwaga taka mbele ya mlango wa jirani ataitwa kwa mjumbe. Akiuza taa elfu moja zinazoziba masikio ya mtaa mzima ataitwa mfanyabiashara. Wala si jambo lisilojulikana. Kamati ya kimataifa ya kushughulikia kelele za redio, CISPR, iliundwa mwaka 1934, na viwango vyake kwa taa na kwa vyombo vya nyumbani vipo, vimeandikwa, na viwanda vinavyoheshimu vinavifuata. Kichujio kinachotakiwa ndani ya chaja ni koili na kapasita chache, vitu vya bei ndogo. Kinachokosekana ni mtu wa kukataa zisizo navyo. Walio na mamlaka ya kukagua bidhaa bandarini wakague na hili. Na sisi tunaonunua tuache kudhani kwamba chaja ya shilingi elfu mbili ni ya bei rahisi, hali imetunyang'anya redio ya shilingi elfu sitini.

Mimi nimeanza kwa njia yangu. Ninapokwenda kununua taa hubeba redio ndogo kwenye mfuko wa koti, naiweka katikati ya stesheni mbili ambapo hapana kitu, na kumwomba mwenye duka awashe taa ninayoitaka. Ikivuma nairudisha. Ya pili, ya tatu, hadi nipate iliyo kimya, na mara nyingi ipo, wala si lazima iwe ya bei ya juu. Mara ya kwanza vijana wa duka walicheka sana, mmoja akauliza kama mzee anapima uchawi. Mara ya mwisho nilipokwenda, mwenye duka mwenyewe alikuwa amezipanga boksi pembeni, akaniomba nimwonyeshe zipi ni zile zinazonyamaza, kwa kuwa mama yake husikiliza taarifa ya habari saa moja jioni na amechoka kulalamika.